Samaki wa Mzazi

Ngulyati, Bariadi
11 Februari 2024

Mzaa mwenzangu Apolonia,

Mwadila. Za nyumbani ni nzuri, za mtoto si nzuri, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Simu yako naijua, nikifika kwenye neno lenyewe mtandao unakatika. Halafu maneno ya simu mtu huyakana. Haya nataka yabaki, siku ukoo ukikaa kikao yasomwe.

Kapu la leo nakurudishia. Katekista Selestini analo vilevile alivyolileta, sijafungua hata kamba. Usimgombeze yeye, aliyekataa ni mimi.

Jana tulimpeleka Kija kliniki. Mjukuu wetu ana miezi mitano na shingo yake bado ni ya mtoto wa wiki mbili. Ukimshika mikono ukamwinua, kichwa kinabaki nyuma. Nesi Nancy alipiga makofi nyuma ya sikio lake, mtoto akaendelea kutazama ukuta. Ndipo Nancy akamuuliza mwanangu anakula nini. Veronica hajui kuficha. Akasema sangara, tangu mimba ikiwa changa kule Nassa kwa mama mkwe, na hata baada ya kurudi kwetu kujifungua, kila Jumapili kapu linafika. Mkubwa kiasi gani? Veronica akanyoosha mikono yote miwili. Nancy akaweka kalamu chini.

Anasema sangara wakubwa wa ziwa wana sumu mwilini, na mwenye mimba au anayenyonyesha hatakiwi kuwagusa. Sasa nisemeje tena, mzaa mwenzangu? Mwanangu nilimtoa kwangu mzima, akaolewa na Deogratias wako, akakaa chini ya mkono wako, na mkono huo umemlisha sumu mwaka mzima. Na ulikuwa unaifunga kwa majani ya mgomba pamoja na salamu.

Usitume tena samaki. Tuma unga, au usitume kitu.

Lukresia Mboje
Mama Veronica


Nassa, Busega
16 Februari 2024

Lukresia,

Salamu yako ya mwadila nimeipokea. Mengine sijayapokea.

Kapu lilirudi hapa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, saa nne asubuhi, wachuuzi wote wapo. Selestini wako huyo hana kifua. Hata hajashuka vizuri kwenye pikipiki akasema mbele za watu, wamekataa, wanasema lina sumu. Wewe ni Msukuma kama mimi, usijifanye hujui neno hilo linamfanya nini mwanamke wa miaka sitini na mbili, mjane, mwenye macho mekundu kwa sababu amekausha samaki kwa moshi miaka thelathini. Juzi nimekuta jiwe juu ya bati langu. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta amepita meza yangu akanunua kwenye meza ya mbele. Umeniweka pabaya, na umeniweka kwa makusudi.

Sasa nisikilize. Kwetu samaki wa mzazi hachaguliwi na mtu yeyote isipokuwa mama mkwe. Mimi mwenyewe naenda mwaloni kabla hakujakucha. Mitumbwi ikifika namchukua aliyezeeka kuliko wote, mwenye mafuta mpaka mkiani. Wadogo nauza, dagaa nauza, huyo mkubwa simuuzi hata kama wenye kiwanda wamesimama hapo na mzani wao. Ndivyo alivyonifanyia mama mkwe wangu, nikazaa saba, na wote saba walikaza shingo. Heshima kubwa kuliko hiyo sina ya kukupa.

Na samaki huyo nimemkausha kwa moto siku mbili. Akifika kwako Veronica anamchemsha tena. Niambie ni sumu gani hiyo inayopita kwenye moto mara mbili ikatoka hai.

Kabla hujachungulia kapu langu, chungulia uwanja wako. Mwanao Maganga ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu nyuma ya nyumba, na dhahabu haiokotwi kwenye unga wa mawe kwa vidole. Hatukutoa ng'ombe ili mkwe wetu akakae kwenye vumbi hilo. Nataka Veronica na Kija warudi Nassa kabla mwezi haujaisha. Mtoto ni wa kwetu, na ugonjwa wake tutautibu sisi.

Apolonia Ngassa


Ngulyati
25 Februari 2024

Apolonia,

Veronica haendi popote. Mtoto asiyekaza shingo habebwi mpaka Nassa kwenda kulishwa kilichomharibu.

Karasha unalolisema lilifungwa Juni mwaka jana, kabla mwanangu hajaja kujifungua. Niliahidi mbele ya Deogratias kwamba halitasaga tena mzazi akiwepo, na Deogratias alikuja akaiona mashine imefunikwa turubai. Muulize. Maganga sasa analima pamba kama watu wengine. Kwa hiyo uwanja wangu usiutaje tena.

Hapa Veronica anatunzwa kama mzazi anavyotunzwa. Tangu ajifungue yuko jikoni kwangu, kwenye joto, mkeka wake uko karibu na jiko. Hashiki jembe, hachoti maji. Wengine humtoa mzazi jikoni baada ya siku arobaini. Mimi nimemwacha humo mpaka leo kwa sababu Kija anakohoa kukiwa na baridi. Ungekuwa wewe ungemwambia aparue samaki.

Kuhusu jiwe, pole. Lakini mimi sikukuita mchawi, nilisema samaki ana sumu, na nesi ndiye aliyesema. Kama watu wa Nassa wakisikia sumu wanakufikiria wewe, basi wana mambo yao wanayoyajua. Mimi naishi mbali.

Juzi nilimweka Kija kwenye khanga kifudifudi, nikangoja ainue uso. Nilingoja mpaka maharage yakaungua. Hakuinua. Nikilala naiona picha hiyo, na nikiiona nakuchukia, nakwambia wazi.

Lukresia Mboje


Nassa
10 Machi 2024

Lukresia,

Na mimi nakuchukia, kwa hiyo tusipotezeane muda kwa hilo.

Wiki iliyopita wataalamu wa samaki walikuja mwaloni kwetu wakatukusanya wote. Habari niliyoisikia sikuwahi kuisikia tangu nizaliwe, na wewe utaisikia kutoka kwangu leo. Ni kweli sangara mkubwa ana sumu. Nakubali, na nakubali moto hauitoi, maana haiko juu ya ngozi, imo ndani ya nyama yenyewe. Lakini uliza jina lake. Inaitwa zebaki. Uliza imetoka wapi.

Imetoka huko juu kwenu. Mwenye karasha anamwaga zebaki kwenye unga wa mawe ili ishike dhahabu. Ikishashika, maji machafu anayaachia yatiririke mtoni, na mto unaingia ziwani. Zebaki haipotei kwenye maji. Inakaa kwenye tope na inageuka humo kuwa mbaya zaidi. Vidudu vya tope vinaila kidogo. Furu, wale samaki wadogo, anakula vidudu kwa mamia, yote viliyonayo inabaki kwake, haitoki. Sangara anakula furu kwa maelfu, nayo inabaki kwake. Kila mmoja anamrithi aliyemla. Sangara akiishi miaka minane au kumi, amebeba ya wote waliomo chini yake, na ndiyo maana dagaa hana neno na mkubwa ndiye hatari. Mtaalamu alichora kwa kijiti kwenye mchanga. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika kisu, nikawa nakumbuka kila Jumapili.

Kwa hiyo elewa, mama. Mlichomwaga nyinyi Ngulyati, mimi nilikuwa nakurudishia kwenye kapu.

Na usiniambie habari za turubai. Jumanne Deogratias alikuja kwako bila kupiga hodi ya mbali. Alimkuta Maganga jikoni, jikoni Lukresia, amechutama kwenye jiko, mke wake yuko pale pale kwenye mkeka na mtoto kifuani. Kuna kikaango kidogo kina kitu kinang'aa kama fedha, kinachemka. Mwanangu si mjinga, amefanya vibarua vya dhahabu Geita. Hiyo ni zebaki inachomwa ili dhahabu ibaki, na moshi wake ndiyo zebaki yenyewe. Alipouliza, Maganga alimtoa kwa fimbo mpaka barabarani. Umefunga uwanja ili tusione, ukaingiza kazi ndani kwa mzazi.

Mtaalamu alisema kuna shahidi asiyedanganya. Unywele hurefuka kama sentimita moja kwa mwezi, na kila sentimita hutunza ya mwezi wake. Veronica hajakata nywele tangu aolewe. Zipelekwe zikapimwe. Zitasema mwanamke huyo alipata sumu akiwa kwa nani.

Apolonia Ngassa


Ngulyati
17 Machi 2024

Apolonia,

Kikaango alichokiona mwanao ni cha karanga. Hicho kinachong'aa ni mafuta. Mtu aliyeingia kwa watu bila adabu macho yake hayawezi kuwa sawa.

Halafu nywele. Hujui aibu. Mwanamke mkubwa unataka nywele za mwanangu zikatwe, zifungwe kwenye karatasi, zisafiri na watu nisiowajua. Kesho zikiwa mkononi mwako? Hapa kwetu nywele za mzazi zinazikwa na mama yake, na hata kwenu ni hivyo hivyo. Nilipomwambia shangazi yangu alitema mate chini.

Lakini nimefikiri siku nne na nimekubali. Nimekubali kwa sababu najua zitakachosema. Zitaanzia Nassa. Masharti yangu ni haya: atakata Nancy mbele yangu, bahasha ataipeleka Nancy mwenyewe, na zitakazobaki zinarudi kwangu nizizike. Wewe usizione kwa macho. Nancy anasema na mkojo upimwe, kwa kuwa ya samaki inaonekana zaidi kwenye nywele na ya moshi inaonekana zaidi kwenye mkojo. Sioni haja, lakini sina cha kuficha.

Majibu yakirudi nitaitisha kikao. Utakuja Ngulyati ukiwa umepiga magoti kuanzia barabarani, na barua zako hizi zitasomwa mbele ya wanaume. Nimezitunza zote kwenye kopo la kahawa.

Lukresia Mboje


Nassa
19 Mei 2024

Lukresia,

Veronica yuko wapi?

Nimesikia kwa Selestini kwamba majibu yalitoka wiki iliyopita. Nimefunga safari mpaka hospitali, wameniambia mama mkwe si mgonjwa na majibu ni ya mgonjwa. Nimekuja mpaka kwako, mlango umefungwa, Maganga anachungulia dirishani kama mwizi. Deogratias simu yake haipatikani, na chumbani kwake amechukua nguo pamoja na barua zako zote zilizokuwa chini ya godoro langu.

Umemficha mkwe wangu kwa sababu mkojo umekuumbua. Mtoe. Mtoto yule anahitaji daktari, hahitaji hila zako.

Apolonia


Ngulyati
23 Mei 2024

Apolonia,

Nilidhani yuko kwako. Kopo la kahawa ni tupu.

Lukresia


Malampaka, Maswa
2 Juni 2024

Mayu Lukresia uliyenizaa, na Mama Apolonia,

Shikamooni.

Nimeandika barua hii mara mbili kwa mkono wangu, neno kwa neno, mmoja asiseme mwenzake ameambiwa zaidi. Mimi na Kija tuko Malampaka na Deogratias. Amepata kibarua kwenye reli na tumepanga chumba karibu na stesheni. Hakunificha mtu. Nilitoka Ngulyati kwa miguu yangu, siku Maganga alipokwenda mnadani.

Majibu yalisomwa mbele yangu. Nywele zangu zina zebaki ya samaki, nyingi, tangu mwezi wa pili wa mimba na haikupungua hata nilipohama, maana kapu lilinifuata. Mkojo wangu una zebaki ya moshi, nyingi, na wa mtoto pia unayo. Nilimuuliza daktari ni ipi iliyomharibu Kija. Alisema ile ya samaki ilimfikia tumboni, ubongo ukiwa bado unatengenezwa, na ile ya moshi ikamkuta nje. Akasema hawezi kuzitenganisha, na kwamba nikimpata mtu anayejua kuzitenganisha nimlete. Shingo huenda ikakaza kwa kuchelewa. Masikio hana hakika.

Kwa hiyo mlikuwa mnagombania ushindi na hakuna aliyeshinda.

Kama ingeishia hapo ningewasamehe. Mtu asiyejua hana kosa, hata mimi nilikula na kukaa kwenye moshi bila kujua. Lakini mtaalamu wa samaki aliyekuja kuchukua maelezo yangu aliniuliza kama kuna mtu yeyote wa nyumbani aliyewahi kuambiwa. Nikasema hakuna. Akaniangalia, akafungua faili lake. Mama Apolonia, mkutano ule wa mwaloni wa mwezi wa tatu mwaka huu haukuwa wa kwanza. Wa kwanza ulikuwa tarehe kumi na nne Machi mwaka jana, mimba yangu ikiwa ya miezi mitatu. Walisema wenye mimba wasile sangara wakubwa. Jina lako lipo kwenye orodha, la tisa, na sahihi naijua. Nakumbuka ulirudi siku hiyo umekasirika, ukasema wataalamu wametumwa na kiwanda ili tuogope samaki wakubwa, wawachukue wao. Sikujua ulikuwa unazungumzia nini. Jumapili yake ulinipa kichwa chote cha sangara na mafuta yake.

Na wewe, mayu. Nancy ameniambia. Oktoba alikuja kupima uzito wa mtoto, akakukuta uani unasugua kikaango cha Maganga kwa mchanga. Akakukanya, akasema kitu hicho kisichomwe alipo mtoto. Ulimwambia ilikuwa mara ya mwisho. Baada ya siku hiyo Maganga aliingia jikoni kila alipopata mzigo, na mimi nilikuuliza kama moshi ule hauna madhara. Ulinijibu utadhuru vipi na hata harufu hauna. Uliogopa kuonekana umevunja ahadi kwa Deogratias kuliko ulivyomwogopea mtoto. Uwanja ulikuwa wazi, upepo ulikuwepo. Mngechoma nje tu.

Mlijua. Kila mmoja alijua nusu yake na akaifunika kwa nusu ya mwenzake.

Barua zenu tano ninazo. Nimezisoma mara nyingi, Kija akilala. Mmeandika habari za jiwe, za ng'ombe, za turubai, za magoti, za macho mekundu. Mmeandika vizuri, sikujua kwamba mna maneno mengi hivyo. Wakati mnaziandika mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwa mmoja wenu, na mwingine anajua namba yangu ya simu. Hakuna aliyeniandikia mimi mstari mmoja, Veronica usile, Veronica toka jikoni.

Mama Apolonia, sangara wakubwa bado unawauza, najua, na wanaonunua nao wana wakwe. Mayu, Maganga bado anachoma. Hayo ni yenu na dhamiri zenu, mimi sina nguvu ya kuja kusimama mlangoni kwa mtu.

Msije. Si kwamba nawatisha. Mkija sitafungua, na Deogratias amekubali kwamba hata yeye hatafungua. Kikao mkitaka kaeni, barua hazitakuwepo.

Kila asubuhi namkalisha Kija mapajani, namwegemeza kifuani kwangu, kisha nagonga sufuria nyuma ya kichwa chake. Majirani wanadhani nimechanganyikiwa. Jana aligeuka. Sijui kama alisikia au aliona kivuli cha mkono wangu. Nikija kujua, sitawaandikia.

Veronica
Mama Kija